Nyuki wa Tao la Tatu

Mwalimu Tharsisi wa useremala alikibana kipande cha kwanza cha mbao kwenye jiriwa, akakitandika nyundo moja, kikapasuka. Alikiokota akamkabidhi Inspekta Kuruthumu.

"Kimepasukia wapi?"

Inspekta alikigeuza. Alikuwa mtu wa Ujiji, binti wa muuza vitenge, na habari za mbao alizijua kwa kuzikalia tu. "Kwenye mbao yenyewe. Pale palipogundishwa hapajaachia."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote. Hiki nimekiunga mwenyewe Jumanne, kwa gundi ya lile pipa uliloniletea. Gundi nzima ndivyo ilivyo, mama. Inashika mpaka mbao inasalimu amri kabla yake." Alichukua kipande cha pili. "Sasa hiki ni cha lile tao lililoanguka."

Hakukigusa kwa nyundo. Alikishika kwa vidole viwili kila upande akakifungua kama anayefungua daftari. Gundi ilibaki upande mmoja, ngumu, laini, inang'aa. Upande wa pili ulikuwa mweupe, hauna hata uzi mmoja wa mbao ulionyofoka.

Kwa siku tano Inspekta alikuwa akiliandama pipa hilo la gundi. Lilichelewa njiani, lilikaa Kibondo juani, na mtu alikuwa ameapa kwamba limetiwa maji. Alikuwa amejaza kurasa kumi na nne za jalada juu ya pipa, na sasa kurasa zote zilikuwa za kufungia maandazi.

"Kwa hiyo gundi haina kosa," alisema.

"Haina. Tazama." Mwalimu alichovya kidole kwenye kopo la maji, akadondosha tone juu ya ule uso mweupe. Tone halikunywewa. Lilijikunja likasimama kama ushanga, kisha likateleza likaanguka sakafuni. "Mbao kavu hunywa maji. Hii imepakwa kitu. Mafuta, grisi, sabuni, sijui. Lakini ilipakwa baada ya kupigwa randa na kabla ya kutiwa gundi. Siku mbili, siku moja. Hapo katikati ndipo pa kumtafutia mtu wako."

Mtu wake alikuwa tayari mahabusu. Ndilo jambo lililomnyima Inspekta raha njia nzima ya kurudi Kasulu kutoka karakana ya mwalimu, vumbi la Julai likipenya madirisha ya Landkruza, kile kipande kikiwa mbele yake juu ya dashibodi.

Skolastika Venanti, msanifu majengo, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, alikufa siku ya Ijumaa, wiki moja na siku moja nyuma. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Kagerankanda kuchora kitu kikubwa kuliko zahanati. Kwaya za wilaya na vikundi vya ngoma vilimwomba ukumbi, naye aliwachorea ukumbi wa mbao: matao saba, kila tao ni mbao nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine, zikagundishwa na kubanwa zikawa boriti moja iliyopinda. Watu walicheka. Mbao zibebe paa la watu mia sita? Kwenye daftari lake, ambalo sasa lilikuwa kielelezo namba mbili, aliwajibu kwa mwandiko wa mteremko: *Zege huirudisha sauti kwa hasira. Mbao huipokea, huipunguza makali, humrudishia mwenyewe. Miti yetu ni mifupi, lakini mifupi mingi ikishikana ni mirefu.* Kurasa zilizofuata zilikuwa za makofi. Alikuwa akiingia makanisa yote, kuanzia Munanila hadi Kibondo, anapiga kofi moja na kuhesabu mwangwi umekaa muda gani.

Ijumaa ile waliondoa mirunda iliyokuwa ikishikilia matao. Aliwatoa mafundi wote nje, akaomba ukimya. Akasimama chini ya tao la tatu, akapiga kofi. Mafundi walilisikia kofi, wakasikia na mwangwi wake. Kisha tao likaachia.

Alikufa akisikiliza. Inspekta alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi yake, lakini hiyo ilimkaa kifuani, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba haikumkaa.

Kuhusu mshukiwa, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Athanase, fundi seremala, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, ndiye aliyesimamia kuunga tao la tatu. Mbao zake zilipigwa randa Jumamosi na kugundishwa Jumatatu. Jumapili hapakuwa na kazi, na kitabu cha wageni cha siku hiyo kilikuwa na jina moja tu: Athanase, saa saba mchana. Alipoulizwa alikwenda kufanya nini, alifunga mdomo. Alikamatwa Alhamisi, leo ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu angesomewa shitaka la kuua. Ushahidi wa mwalimu Tharsisi haukumwokoa. Ulimkaza. Nani mwingine angejua cha kupaka?

Walipofika kwenye jengo, nje kidogo ya mji, saa tisa ilikuwa imepita. Matao sita yalisimama mlimani yakiwa matupu. La tatu lilikuwa chini, limefunguka tabaka tabaka. Konstebo Kipriani, kijana wa Kibondo aliyekuwa akiendesha, hakuwa amemaliza hata hatua kumi kabla ya kuanza kurusha mikono hewani.

"Nyuki hawa, afande! Hata juzi walinisumbua."

Inspekta alisimama akatazama. Nyuki walikuwa wachache, ishirini labda, nao walikuwa wakitua juu ya zile nyuso nyeupe za mbao, wanatembea, wanarudi, wanaruka kidogo na kutua tena. Alikwenda hadi tao la pili. Hapakuwa na nyuki. La nne, hapana. La saba, hapana.

"Kipriani, nyuki wanatafuta nini hapa? Ua hakuna, maji hakuna."

"Hao ni wapelelezi, afande." Alijichekea kidogo. "Wenzetu. Wanatafuta nyumba. Kundi likitaka kuhama hutuma hao kwanza."

"Na kwa nini nyumba iwe tao la tatu, si la nne?"

Kipriani aliacha kucheka. Alichuchumaa, akanusa mbao. "Kwetu mzinga mpya hauwekwi mtini ukiwa mkavu. Unausugua kwanza kwa nta ya mzinga wa zamani. Mbao zote, kote kote. Usipofanya hivyo nyuki wanaukataa hata miaka mitatu."

Inspekta alirudi garini. Kipande kilikuwa kimekaa juani tangu asubuhi. Alikiweka puani. Harufu ilikuwa ndogo, lakini ukishaijua huwezi kuikosea. Asali.

"Athanase ana mizinga?"

"Kambini, afande? Nani atamkubalia?"

Dadi, mlinzi wa zamu, aliitwa pamoja na kitabu chake. Alikuwa mtu wa utaratibu, na kitabu alikikumbatia kama msahafu.

"Jumapili ile ya kabla ya gundi," Inspekta alisema. "Nani aliingia?"

"Kama ilivyoandikwa, mama. Athanase peke yake."

"Sikuuliza nani ameandikwa. Nimeuliza nani aliingia."

"Mgeni mwingine hakuingia."

"Na asiye mgeni?"

Dadi alitazama kitabu, akatazama matao. "Sasa mama, kile ni kitabu cha wageni. Mzee Venanti naye ningemwandikaje? Baba wa mwenye jengo, na mbao za lile tao ni za miti yake mwenyewe. Alitoka misani, akanisalimu, akasema anakwenda kuziona. Huyo ndiye wa kuambiwa andika jina?"

"Alikuwa na nini mkononi?"

"Kifurushi. Jani la mgomba." Kisha akaongeza, kwa kujitetea, "Alinimegea na asali."

Inspekta alifunga kitabu akamrudishia. Hakumgombeza. Kwa utaratibu wa Dadi, hakuna kilichokosewa.

*

Athanase aliletwa akiwa peku, akakaa ukingoni mwa benchi. Mikono yake mikubwa aliilaza magotini, ya mtu aliyezoea kushika kitu na sasa hana cha kushika.

"Leo sikuulizi ulikwenda kufanya nini," Inspekta alisema. "Nakuuliza ulimwona nani."

"Sina maneno, maman."

"Nitayasema mimi basi. Nta."

Athanase aliinamisha kichwa. Chai ambayo Inspekta alimwagizia ilipoa na kuota utando.

"Nilisahau futi yangu ya kupimia," alisema mwishowe. "Ile siku ya Yenga, Jumapili mnasema nyie. Nikaingia, nikaona papa Venanti. Ameziweka mbao chini moja moja, anasugua, anaimba pole pole lugha yake. Nikasema, huyu anaombea miti yake. Mzee akiomba, humuingilii. Nikachukua futi yangu, nikatoka."

"Hukujua kama ni nta?"

"Siku ile, hapana. Sikusogea. Siku ya pili tunapaka gundi nikaona mbao zinang'aa. Nikashika, zinateleza." Aliifungua mikono yake akaitazama. "Nikasema ni utomvu. Miti ya hivi ina utomvu. Miaka ishirini na miwili niko seremala, maman, na nikasema utomvu! Ungekuwa wewe ungenusa. Mimi sikunusa."

"Ulijua lini?"

"Siku lilianguka. Tunamtoa, mimi nimeshika ubao, na jua linapiga. Ndiyo nikasikia asali."

"Na ukanyamaza. Unajua Jumatatu utasomewa kuua?"

"Najua."

"Basi kwa nini, Athanase? Una mke, una watoto kambini."

"Nilikuwa na watoto sita. Wawili niliwazika kwetu Fizi." Alisema bila kuinua sauti. "Mmoja ni mimi nilimwambia apite njia ile. Nilimwambia, hii ya mtoni iko salama, pita hii. Watu waliniambia, si wewe, ni wenye bunduki. Sawa. Lakini kila nikilala, ni mimi namwambia pita hii. Yule papa ana miaka sabini na kitu. Nimwachie kitu kama kile? Gereza lina mwisho. Kile hakina."

Inspekta aliandika maelezo yake neno kwa neno, akamsomea, na Athanase akasaini. Inspekta alitoka nje kwenye korido. Kazi yake ilikuwa kumjua aliyefanya, na sasa alimjua, na alitamani asingemjua.

*

Jumapili baada ya misa walifika Kagerankanda. Nyumba ya mzee Venanti ilikuwa ukingoni mwa shamba la misonobari, na katikati ya shamba palikuwa na visiki vingi vyeupe.

"Mwiriwe," mzee aliwaamkia, akiinuka kwa shida. Alikuwa amekaa kivulini na mzinga mpya mapajani, mikononi ana donge la nta analolikanda lilainike. "Karibuni, karibuni. Mama Inspekta, kaa kwenye kigoda hicho. Mmemaliza na yule fundi?"

"Ndiyo tunamalizia, mzee. Nimekuja kuchukua maelezo yako. Sikuyachukua siku zile za msiba."

"Andika. Nitasema yote." Alirudi kuketi, na mikono yake ikaendelea na kazi kana kwamba si yake. "Yule Mkongomani alikula kwangu, unajua? Mwanangu alimleta hapa. Alisema, baba, huyu ana mkono. Mtu anakula ugali wako halafu anakuulia mtoto. Nitakuja Jumatatu nimtazame machoni."

Kipriani alijishughulisha na kiatu chake. Inspekta alifungua jalada.

"Miti ya tao la tatu ilikuwa yako?"

"Niliipanda mwaka aliozaliwa. Miche mia mbili. Nilitaka kumsomeshea, lakini alisoma kwa bidii yake, miti ikabaki. Ndipo akaja na ile michoro yake. Akasema, baba, nataka tao moja litoke kwako." Mzee alicheka kidogo, machozi yakashuka humo humo. "Akanionyesha. Nikamwambia, mwanangu, mwana wanje, huu ni mzinga! Akasema ndiyo baba, ni mzinga. Watu watavuma humo."

"Jumapili ile kabla ya gundi, ulikwenda Kasulu."

"Nilikwenda."

"Kufanya nini, mzee?"

"Kuzipaka." Alishangaa kuulizwa. Aliuinua ule mzinga mpya akamwonyesha, akapitisha donge ubavuni, taratibu, toka huku hadi huku. "Namna hii. Watu walikuwa wakimcheka, wanasema nani ataingia nyumba ya mbao, itabaki tupu. Mimi nafuga nyuki tangu utoto. Nyumba mpya isiyopakwa nta, hakuna anayeingia. Nikachukua nta ya mzinga wangu wa zamani kabisa, ule ambao haujawahi kuhamwa. Nikasugua zote, pande zote mbili. Sikutaka ubao hata mmoja useme umesahauliwa."

"Ulimwambia?"

"Aa. Kitu cha baba hakitangazwi. Ningemwambia siku ya kufungua, watu wamejaa, wanaimba. Ningemwambia, unaona?"

Kalamu ya Inspekta ilikwenda hadi mwisho wa mstari. Aliandika yote hayo kama yalivyosemwa, bila kuongeza neno. Mtu mwenye roho ngumu angelisema pale pale. Yeye alikuwa ameyapanga maneno tangu Kasulu, akayasemea moyoni kila kilomita, na sasa hayakutoka. Akafanya alichozoea kufanya: alifuata utaratibu. Alimsomea mzee maelezo yake kwa sauti, toka mwanzo.

"Ndivyo?"

"Ndivyo kabisa."

"Unajua kuandika, mzee?"

"Dole tu."

Kipriani alileta kidau cha wino. Mzee Venanti aliweka donge la nta juu ya mzinga, akakandamiza dole gumba kwenye wino, akalishusha kwenye karatasi pale alipoonyeshwa. Alipoliinua, palikuwa na vitone viwili vitatu vya buluu. Katikati palikuwa peupe.

"Halikushika," alisema. "Lete tena."

Alikandamiza kwa nguvu zaidi. Wino ulijikusanya ukingoni mwa kidole, ukateleza, na karatasi ikabaki nyeupe. Aligeuza kidole akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa kinang'aa. Alikisugua kwa kidole cha pili, polepole, kisha akatazama donge la nta, akatazama mzinga, akalitazama lile jalada la polisi lililofunguliwa magotini kwa mwanamke aliyesafiri kilomita zote zile kuja kumuuliza kuhusu Jumapili moja.

"Mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hii nta inakataa wino."

"Ndiyo, mzee."

"Na gundi?"

Inspekta Kuruthumu alitaka kutazama pembeni, akaona kwamba hana haki hiyo. "Na gundi, mzee."

Huko shambani upepo ulipita kwenye misonobari iliyobaki. Mzee Venanti alikuwa ameinua mkono ule mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika kitu kichafu asichojua pa kukitupa.

"Yule fundi," alisema. "Alijua?"

"Alijua siku lilipoanguka."

"Na hakusema."

"Alikataa kusema. Alisema ni bora afungwe yeye kuliko wewe kujua."

Mzee aliinuka. Kipriani alinyoosha mkono kumshika, akakatazwa kwa kichwa. Alikwenda hadi jikoni, penye mafiga, akapiga magoti, akachota majivu, akaanza kusugua dole lake. Alisugua kama anayetaka kutoa ngozi, na kilio kilichomtoka kilikuwa cha jina moja tu, Skolastika, Skolastika, mpaka jirani akatoka nje. Inspekta alilia pia, jalada mkononi, na hakujifuta.

Kisha mzee alirudi. Dole lilikuwa jeusi, limechubuka. Alilikandamiza kwenye wino, akalishusha karatasini, akaliegemea kwa uzito wake wote. Safari hii kila mstari wa kidole ulionekana.

"Limeshika," alisema. "Sasa twende ukamfungulie yule mtu. Nataka anikute mlangoni."